Dakika 15 hazitoshi kusoma Katiba

Makamanda, tuongee kidogo kuhusu midahalo.

Kwenye mtindo wa Bunge la Uingereza, unaotumiwa na vyuo vingi duniani, mada hutangazwa dakika 15 tu kabla ya raundi. Upande nao huchagui, unapangiwa. Ukipewa kuitetea serikali, utaitetea dakika saba nzima, na simu ya kutafutia hoja hairuhusiwi.

Sasa vijana wetu hapa Shirimatunda wengi wanajiandaa kwa kukariri hotuba. Mtu ana hotuba ya Katiba mpya, ana hotuba ya ajira, anakaa anasubiri mada imfuate. Ikija mada ya ushirika wa kahawa, kwisha habari! Na hapa ni Moshi jamani, kwa KNCU iliyoanzishwa 1933.

Zile dakika 15 ni za kupanga hoja ulizonazo. Kuzitafuta ni kazi ya wiki nzima kabla.

Chukua Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977, inayozuia mahakama kuchunguza ushindi wa Rais akishatangazwa na Tume. Wote tunailalamikia. Wangapi wameisoma? Na wangapi wanaweza kuitetea? Maana mtetezi wake atakuambia nchi haiwezi kuning'inia miezi huku kesi inaunguruma. Tusidanganyane, hoja hiyo ina uzito. Jibu lake liko jirani tu: Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya urais. Septemba 1, 2017 ikafuta matokeo, Oktoba uchaguzi ukarudiwa. Lakini jibu hilo utalitafuta pale tu utakapokuwa umeichukulia hoja ya mpinzani wako kwa uzito.

Wapo wanaogoma kuuongelea upande wa serikali hata mazoezini, eti ni usaliti. Aisee, siwaelewi. Kwenye kampeni mwananchi atakuuliza swali hilohilo la CCM, tena hatakupa hata hizo dakika 15.

Napendekeza hivi: Jumamosi mada ziandikwe kwenye vikaratasi, zitiwe kwenye kofia, na upande upigwe shilingi. Mimi yangu ya kwanza nimeshaiandika: Ibara ya 41(7) ibaki kama ilivyo. Atakayegoma kuitetea, ndiye aanze.