Foki Ndefu Si Ubingwa: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Wasee, leo nasema kitu ambacho kitawakera wengi wa hapa kwetu wanaopenda baiskeli za mlima. Foki nyingi tunazoweka kwa baiskeli zetu za zamani hazizifai hizo baiskeli. Tunazinunua kwa sababu zinatoka poa kwa picha. Najua, kwa sababu hilo kosa nimelifanya na pesa yangu mwenyewe.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani, kitu cha kwanza nilinunua na pesa ya kushuti video kilikuwa baiskeli ya mtumba. Fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, breki za V, foki ya shoki inayobonyea milimita 80. Nadhani imenizidi umri. Lakini ndiyo hunitoa Kinoo mpaka town bila kulipa matatu, na Jumapili ndiyo hunipeleka Karura. Bila hiyo baiskeli, kuna kazi mingi ningekataa kwa sababu nauli ingekula faida yote.

Mwaka jana foki ikaanza kuvuja oili. Ukiibonyeza inashuka, halafu inakaa huko chini kama mtoto amenuna. Nikajiambia huu ndio wakati wa kuipandisha cheo hii mashine. Nikaona foki moja inauzwa mtandaoni, nyeusi tititi, milimita 140, ya gurudumu la 29. Thao tisa. Nikatuma pesa siku hiyo hiyo.

Nilipofika kwa fundi, aliiangalia kwa sekunde tano akacheka. Haikuingia hata kwa fremu. Aliyeniuzia akasema mali ikishauzwa hairudi. Hivyo ndivyo niliingia boksi.

Sasa skiza, ili wewe usiingie.

Kitu cha kwanza si rangi wala jina la kampuni. Ni shina la foki, yaani ule mrija unaopanda ndani ya shingo ya fremu mpaka kwa usukani. Baiskeli nyingi za mlima za kuanzia katikati ya miaka ya 90 zinachukua shina lililonyooka la inchi 1 na moja ya nane, ambayo ni milimita 28.6. Zile za nyuma kidogo zinaweza kuwa na inchi 1 tu, na shina lenye nyuzi za kukazia nati. Foki nyingi za kisasa zina shina lililo nono chini, inchi 1 na nusu, halafu linapungua likipanda. Hilo haliingii kwa shingo nyembamba ya zamani hata ukiomba. Yangu ilikuwa hiyo.

Halafu urefu wa shina. Foki ya mtumba imekatwa kutoshea fremu ya mwenyewe wa kwanza. Kama fremu yake ilikuwa fupi kuliko yako, usukani hautapata mahali pa kushika vizuri. Foki ya pili niliyopata ilikuwa na shida hiyo, ilikosa sentimita 3. Fundi kijana akaniambia, "Si tunachomelea tu kipande?" Manze, nilikuwa nimechoka na karibu nikubali. Kulikuwa na mzee kwa kona anarekebisha spoki, hakuinua hata macho. Akauliza, "Kijana, hiyo ikikatika kwa mteremko, utashika nini?"

Sina jibu la hilo swali mpaka leo. Shina la foki ndilo linashikanisha mikono yako na gurudumu la mbele. Likikatika huna usukani na huna wakati wa kufikiria. Kwa hivyo shina lililochomelewa hapana, hata kama fundi ni binamu yako.

Tatu, breki. Kama unatumia breki za V, foki lazima iwe na vile vijiti viwili vya kuzishikilia, na foki nyingi za sasa hazina kwa sababu zimeundwa kwa diski. Ukichukua ya diski, jua unahitaji pia habu inayokubali diski, breki yenyewe na kebo au mrija wake. Ile bei rahisi uliona inakuwa mara mbili. Nne, ekseli. Gurudumu la zamani lina ekseli nyembamba, ile ya kufungua na mkono. Foki ikiwa imetengenezewa ekseli nene ya milimita 15, gurudumu lako halitakaa hapo.

Sasa tuje kwa hii mambo ya urefu, kwa sababu hapa ndipo maringo yanatumaliza. Fremu ya zamani ilichorwa kwa foki fupi, milimita 80 au 100, zingine hata 60. Ukiinua mbele, kila milimita 20 unazoongeza zinalaza pembe ya shingo kwa karibu digrii 1. (Digrii ya chuo sikumaliza, lakini hii nimeielewa.) Foki yangu ya 140 ya gurudumu la 29 ingeinua mbele karibu sentimita 9. Hapo baiskeli imekuwa kitu kingine kabisa. Unakaa umeegemea nyuma, ukipanda kilima gurudumu la mbele linayumba kama mlevi, na kona unazipiga kwa kubahatisha. Mbaya zaidi, foki ndefu inakuwa kama wenzo unaosukuma shingo ya fremu kila ukigonga shimo. Fremu ya zamani inaweza kupasuka hapo chini ya shingo.

Na usiniambie fupi ni ya waoga. Mwaka 1990 kule Durango, Marekani, kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mlima chini ya UCI, Greg Herbold alishinda mbio za mteremko akiwa na foki ya RockShox RS-1. Hiyo foki haikuwa inabonyea hata sentimita 5. Bingwa wa dunia, mteremko, sentimita 5. Wewe na mimi tunataka 14 za kuvuka matuta ya Waiyaki Way.

Kwa hivyo pima ya zamani kabla ya kuitupa. Chukua rula, pima kutoka katikati ya ekseli mpaka pale foki inagusa chini ya shingo. Hiyo namba iandike kwa simu yako. Mpya isiizidi kwa zaidi ya milimita 20. Ukiipata ya mtumba, pitisha ukucha kwa ile miguu inayong'aa. Ukucha ukikwama kwa mkwaruzo, huo mkwaruzo utakula sili na oili itatoka. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi foki yenyewe inacheza, na si beringi za shingo, imeisha. Na ukikaa juu yake na uzito wako wote, ishuke kidogo tu, robo ya mwendo wake au chini ya hapo. Isiposhuka kabisa, ama springi ni ngumu kwako ama imekwama.

Sasa maoni yangu ambayo hamtayapenda. Kama pesa yako haifiki foki nzuri, usinunue shoki kabisa. Weka foki ngumu ya chuma, ile isiyo na shoki. Zile shoki za bei ya chini kabisa ni springi nzito ndani ya mabomba, zingine zinapita kilo 2 na nusu, na baada ya msimu mmoja wa matope hazibonyei tena. Hapo umebeba uzito wa shoki na mikono bado inaumia. Foki ngumu ya chuma ni nyepesi kuliko hiyo, haina sili wala oili, na haina cha kuharibika ndani. Hakikisha tu urefu wake unakaribia wa ile ya zamani ukiwa umeikalia, si ikiwa imesimama bila mtu.

Kuna wale watasema achana na kizee, nunua mpya. Nimewasikia. Kama fremu imepasuka, ama foki itakugharimu kuliko baiskeli yote, sawa, wako na pointi. Lakini ile mpya ya bei ya chini inayong'aa dukani, mara nyingi fremu yake ni nzito kuliko hiyo yako na foki yake ni ile ile springi kwa bomba. Unaacha kitu kizuri kilichochoka sehemu moja, unachukua kitu kibaya ambacho bado hakijachoka.

Mimi niliweka foki ngumu. Elfu mbili na mia tano, na yule mzee wa kona ndiye aliifunga. Tairi ya mbele nikaweka nene kidogo na hewa nikapunguza. Wiki ya kwanza viganja viliniuma, siwezi kudanganya. Wiki ya tatu nilikuwa nimejifunza kuinuka kwa tandiko na kukunja viwiko kabla ya shimo, kitu ambacho shoki ilikuwa imenizuia kujifunza. Siku moja nikipata foki ya 80 yenye shina refu na vijiti vya breki, nitaichukua. Sina haraka.

Ile ya thao tisa bado iko kwa keja, imesimama nyuma ya mlango. Nikitaka kununua kitu kwa sababu kinang'aa, huwa naiangalia kwanza.