Out of Africa: Sifa Zilizozidi Kimo

Juzi tulikuwa watano barazani, walimu wastaafu sote, na mazungumzo yakaangukia filamu zilizosifiwa kuliko thamani yake. Mmoja aliishambulia Titanic kwa urefu wake. Mwingine akasema The Lion King imechukua maneno yetu bila kuyauliza yana maana gani, akataka kujua ni mzazi gani mwenye Kiswahili angemwita mwanawe Pumbaa. Zamu yangu ilipofika nikaitaja Out of Africa. Baraza likanyamaza. Kisha sahibu yangu mmoja, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, akaniuliza iwapo nimesahau kwamba ni filamu hiyo iliyoifanya milima ya Ngong ijulikane duniani.

Sijasahau. Naomba nijieleze hapa, mbele ya malenga na wapenzi wa lugha, kwa kuwa barazani sikuachwa nimalize.

Kwanza haki itendeke. Filamu hii iliyoongozwa na Sydney Pollack ilitoka mwishoni mwa 1985, na Machi 1986 ikatwaa tuzo 7 za Oscar kati ya 11 ilizoteuliwa kuwania, ikiwemo ile ya filamu bora. (Usiku huohuo The Color Purple, iliyoteuliwa mara 11 vilevile, ilirudi mikono mitupu. Hilo nalo lina mjadala wake.) Inasimulia maisha ya Karen Blixen, Mdenmaki aliyeishi katika shamba la kahawa chini ya Ngong tangu 1914 hadi 1931. Tuzo ya upigaji picha siigusi: ile ndege ndogo inapopita juu ya ziwa na heroe wakainuka kwa maelfu, ni nani asiyeshika pumzi? Wala sina neno na muziki wa John Barry. Ninayoikataa ni tuzo moja, ile ya mswada uliotokana na kitabu, aliyopewa Kurt Luedtke. Ninaikataa kwa sababu mimi ni mtu wa lugha, na mswada ni lugha.

Isikilize filamu hii ukiwa umefumba macho. Utasikia ushairi, tena si haba. Denys, anayeigizwa na Robert Redford, anamwosha Karen nywele huku akighani beti za Coleridge, na anaruka zile zinazomchosha. Denys anapozikwa, Karen, yaani Meryl Streep, anasoma shairi la Housman kaburini. Kwa hiyo waliotunga mswada walijua vyema kwamba shairi likitiwa mahali pake hufanya kazi isiyoweza kufanywa na picha. Walijua, na wakawapa Wazungu wawili. Katika dakika 161 hakuna Mwafrika anayepewa hata kipande kimoja cha shairi la kwao.

Nitakiri jambo moja linaloidhoofisha hoja yangu. Maneno yanayokaribia zaidi ushairi katika filamu nzima yanatoka kinywani mwa Farah, msimamizi Msomali, anayeigizwa na Malick Bowens. Simba wamewavamia ng'ombe wa mkokoteni usiku. Farah anataja mmoja mmoja wanaomkosa ng'ombe yule: bibi anayetokwa na damu, simba mwenye njaa, mkokoteni ulio mzito. Kila mara anarudia kishazi kilekile kama kibwagizo, kisha anamtaja Mungu anayetuchezea. Ni takriri safi kabisa. Mwanafunzi wangu angeniandikia hivyo katika insha ningempa alama zote. Lakini angalieni Kiingereza alichovishwa: kifupi, cha kugugumia, kila nomino ikitanguliwa na "huyu" na "hii", kana kwamba mtu huyu hafikiri kwa lugha yoyote nyingine iliyo kamili. Streep alijibidiisha kuipata lafudhi ya Kidenmaki, naye Redford akaachiwa Uamerika wake ingawa Denys alikuwa Mwingereza wa ukoo wa makabaila. Farah ndiye pekee ambaye lugha yake ilikatwa mbawa.

Na lile neno analomwitia bibi yake, "msabu"! Asili yake ni memsahib, neno la India ya enzi ya Waingereza, lililopita vinywani mwa watumishi wa huku likapoteza silabi zake hata likafanana na nomino ya ngeli ya kwanza, kana kwamba wingi wake ni wasabu. Ndani yake mmejificha sahibu, ambalo kwetu ni rafiki. Neno moja limebeba biashara ya Bahari ya Hindi, ukoloni na utumishi. Katika filamu linasikika mara nyingi mno, na halisikilizwi hata mara moja.

Kinachonikera zaidi ni kile kilichoachwa kitabuni. Katika kitabu chake cha 1937 Blixen anasimulia jioni moja ya mavuno ya mahindi. Ili kujifurahisha, anawatungia vijana wa Kikuyu mishororo ya Kiswahili yenye vina. Kiswahili chenyewe ni kile cha mashamba ya walowezi, kisicho na upatanisho wa sarufi, na mishororo ni ya mzaha mtupu. Vijana wanangojea kina, kikifika wanacheka. Baadaye, walipokwisha kuzoea, wakawa wanamwomba aendelee kusema kwa namna ile, wakiifananisha na mvua. Hebu fikirini mwongozaji wa filamu aliyekuwa na tukio hilo mkononi! Lugha yetu, hata ikiwa imechakaa, inawakutanisha watu ambao kila kitu kingine kiliwatenganisha. Mswada uliosifiwa kwa utoaji wake wa kitabu ulilipita hivi hivi.

Blixen mwenyewe alikosea hapo. Anadai kwamba wenyeji hawakujua mashairi kabla ya shule kuja. Mombasa ilikuwa safari ya usiku mmoja kwa treni, na Muyaka bin Haji alikwisha kulala kaburini humo zaidi ya miaka 70 kabla ya bibi huyu kushuka melini. Mtaniambia kwamba alisema juu ya Wakikuyu, si watu wa pwani. Hata hivyo hakupata. Wagikuyu walikuwa na gĩcandĩ, ngonjera ya mafumbo inayoshindaniwa na watambaji wawili wenye kibuyu kilichochorwa alama. Labda vijana wale hawakuummalizia kina chake kwa sababu walikuwa na mashairi ya aina nyingine. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa mwandishi huyu kwa ukali kuliko ninavyoweza, nami sina haja ya kurudia.

Mimi sikuanza na ukali huo. Kwa miaka kadhaa niliwaonyesha wanafunzi wangu kanda ya filamu hii mwisho wa muhula, kama zawadi, nikiwaambia wajivunie nchi yao. Mwaka mmoja tulifika pale chifu Kinanjui anapotoa masharti yake kuhusu shule, naye Farah anamtafsiria Karen. Msichana wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu, chifu amesema nini?" Nikamjibu kwamba Farah amekwisha kueleza. Akasema, "Nimeuliza alichosema yeye, si alichotafsiriwa." Darasa likacheka, nami nikamwamuru akae chini asitupotezee wakati. Ndivyo nilivyomjibu mwanafunzi aliyesikia vizuri kuniliko.

Sahibu yangu wa jiografia ana hoja yake ya mwisho, nayo ni kwaheri ya Karen na Farah. Karen anamwomba Farah alitaje jina lake, na Farah analitaja, kisha anaongeza "msabu" palepale. Watu wengi hulia hapo. Mimi pia nililia. Lakini kwa miaka yote ile Karen alimwita "Farah" tu, jina tupu, mtu mzima, Mwislamu, mwenye mke na nyumba yake. Sisi tungesema Bwana Farah, au Mzee Farah alipokwisha kuota mvi. Bibi anajivua cheo kama zawadi, na mswada unaiona zawadi hiyo kuwa kilele. Yeye Farah angependa kuitwa nani? Hakuna anayemuuliza.

Ijumaa tunakutana tena, filamu imekwisha kupatikana. Nimewaomba tukipe kioo mgongo kwa nusu saa ya kwanza, tusikilize tu. Watatu wamekubali. Mwalimu wa jiografia amesema hatoki kwake kuja kutazama ukuta.