Kuni za Shule: Kazi au Somo?

Katika shule nyingi za msingi za vijijini, mwanafunzi huwasili asubuhi akiwa na daftari mkono mmoja na ukuni mkono wa pili. Kuni hizo ndizo zipikazo uji wa asubuhi na makande ya mchana. Zikishafika hapana budi zikatwe, na aghalabu wakataji ni wanafunzi wenyewe. Jambo hili limezoeleka mno hata hatulioni tena. Nia ya makala haya ni kuwaomba walimu wanachuo walitazame upya, kwani naamini kwamba pale nyuma ya jiko, penye rundo la matawi, kuna somo linalopotea kila siku.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kabla sijawa mkufunzi nilifundisha shule ya msingi. Siku moja, nikiwa mwalimu wa zamu, niliwatuma wavulana watatu wa Darasa la Sita wakakate kuni, nami nikarudi ofisini kusahihisha madaftari ya hesabu. Mmoja wao alilikanyaga tawi kwa mguu wa kushoto akalipiga panga. Tawi likabingirika, panga likateleza na kumkata kidole cha mguu. Jeraha lilipona, lakini swali aliloniuliza mama yake sijalisahau: "Mwalimu, ulimfundisha kukata kuni, au ulimtuma tu?" Sikuwa na jibu.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alitaka kazi iwe sehemu ya elimu yenyewe. Sisi walimu tumeutenganisha mkono na kichwa: kitabu ni cha asubuhi, jembe ni la jioni, na mtoto aliyechelewa ndiye atumwaye kukata kuni. Kazi ikishakuwa adhabu, mtoto hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuichukia.

Je, somo lililofichika katika kuni ni lipi? Chanzo cha ajali ile hakikuwa uzembe wa mtoto. Chanzo kilikuwa tawi lisiloshikwa na kitu. Mti ulalao chini huchezacheza, na mguu wa mtoto ndio hugeuzwa kuwa kishikizo. Dawa yake ni kitegemeo kinachoweza kutengenezwa kwa miti ya kawaida, bila fundi wala fedha nyingi.

Chukua miti minne iliyonyooka, kila mmoja urefu wa sentimita 100 na unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima. Pishanisha miwili miwili mfano wa herufi X, mahali pa kupishania pawe sentimita 65 kutoka chini. Funga kwa msumari mrefu au kwa kamba ya katani iliyokazwa barabara. Simamisha misalaba hiyo miwili ikiwa imeachana kwa sentimita 50, kisha iunganishe kwa mapao mawili ya chini, moja kila upande. Tawi hulazwa juu, katika mapanda ya misalaba, likatulia bila kushikwa na mguu wa mtu. Tena hukatwa kwa msumeno, si kwa panga.

Mara ya kwanza nilipolifundisha jambo hili nilikosea tena. Nilitengeneza kitegemeo kizuri peke yangu, nikakipeleka mbele ya wanafunzi wa shule ya mazoezi, nikaeleza sehemu zake na kuwaamuru wazichore. Walichora vizuri, lakini wiki iliyofuata niliwakuta wakikanyaga matawi kama kawaida. Zana ilikuwa yangu, haikuwa yao.

Mara ya pili nililiacha darasa lenyewe lijenge. Niliwapa miti, kamba, misumari na fimbo moja ya sentimita 65. Niliwaambia waitanue miguu ya kila msalaba mpaka fimbo ile ienee kati ya ncha mbili za chini. Msichana mmoja alipima akatangaza kwamba pande zote tatu zimelingana. Hapo ndipo pembetatu yenye pande sawa ilipozaliwa, na kila pembe yake ina nyuzi 60. Kitegemeo chao kilipokamilika kiliyumba kwenda mbele na nyuma kama mlevi. Sikusema neno. Baada ya mabishano marefu, kijana mmoja alifunga mti wa mshazari kutoka juu ya msalaba mmoja hadi chini ya mwingine, nacho kikatulia. Wakatambua kwamba umbo la pande nne hupinda kwa urahisi, bali pembetatu haipindi. Wakaanza kunyosheana vidole kuelekea kenchi za paa la darasa lao.

Wakati wa kukata, msumeno ulibanwa. Walikuwa wakikata katikati ya misalaba miwili, tawi likalegea katikati na mkato ukajifunga juu. Walipolisogeza tawi na kukata upande wa nje wa msalaba, huku mwenzao akiukandamiza upande wa pili, ncha iliinama kwa uzito wake, mkato ukafunguka na msumeno ukapita. Hilo ni somo la sayansi ambalo ubao wa chaki peke yake hauwezi kulifundisha. Nikauliza: tawi la sentimita 210, tukitaka vipande vya sentimita 30, tutakata mara ngapi? Wengi walijibu saba. Walipokata wenyewe waligundua kwamba vipande ni saba lakini mikato ni sita.

Kitegemeo chao kilikuwa kimekwenda upande kidogo. Hata hivyo kilidumu, na tangu siku hiyo sikumwona hata mmoja akiweka mguu chini ya panga.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, kwa kuwa mtihani wa Darasa la Saba unasubiri. Nawajibu kwamba vipindi vile viwili vilibeba pembe, vipimo, nguvu na uzito, tena bila kusahaulika. Wengine watasema kwamba kuni zinaondoka. Ni kweli, nasi tufurahi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Misitu yetu na mapafu ya wapishi wetu yanaihitaji siku hiyo. Lakini mtoto atakayekata kuni nyumbani leo jioni hawezi kusubiri mpaka 2034 ndipo afundishwe kuvilinda vidole vyake. Na hata kuni zitakapokwisha, njia hii ya kufundisha haitakwisha. Kesho kazi itakuwa kuteka maji au kujenga kichanja cha vyombo, na swali litabaki lile lile.

Ndugu mwalimu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, usikimbilie kuchora chati tu. Zunguka shule. Tazama ni kazi gani inayowachosha au kuwaumiza watoto, kisha ilete darasani kama swali. Wape vifaa, simama karibu, na uuzuie ulimi wako. Mambo mawili tu usiyaache: shoka lisishikwe na mtoto, na usiondoke mahali pa kazi msumeno ukiwa mkononi mwa mwanafunzi.

Huenda siku moja mzazi akaja kukuuliza kama ulimfundisha mwanawe au ulimtuma tu. Mimi sikuwa na jibu. Naomba wewe uwe nalo.