Anza na jaketi, mashua itafuata

WENGI wetu hudhani kuwa mchezo wa mashua ndogo za tanga ni wa matajiri peke yao. Dhana hii imewafanya vijana wengi kukulia kando ya maji bila kuwahi kushika usukani.

Hakika ni kwamba baadhi ya mashua hizi ziliundwa kwa ajili ya watu wa mfuko mwepesi. Mnamo 1963, gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilishiriki kutoa mashua iliyoitwa Mirror, yenye urefu wa mita 3.3. Mnunuzi alipewa vipande vya plaiwudi akaviunganisha mwenyewe nyumbani kwa nyaya na gundi. Bei ilikuwa pauni 63 na shilingi 11.

Hata hivyo, usikimbilie kununua. Kuna mtu anayemaliza akiba yote kwa mashua, kisha akakosa pesa za kushonesha tanga lililoraruka na mahali pa kuiweka. Njia nafuu ni kuwa baharia wa mwenzako. Mashua ya watu wawili humhitaji mtu wa kushika kamba za tanga la mbele, na si ajabu kumkuta mwenye mashua aliyekosa mwenzi. Tembelea klabu ya mashua mwishoni mwa wiki, iwe Mombasa, Kilifi au Naivasha, ujitolee. Hapo ndipo utakapojifunza kutweka tanga na kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku ukiupanda upepo.

Shilingi zako za kwanza ziwe za jaketi la kujiokoa linalokukaa sawasawa. Jifunze pia kuogelea. Mashua ikipinduka, usiiache ukaogelea kutafuta nchi kavu. Ing'ang'anie, kwani huelea, na mwokoaji huiona upesi kuliko kichwa cha mtu.

Chagua wakati na mahali. Huko pwani, kusi huwa kali kati ya Juni na Agosti. Kaskazi ya Desemba hadi Machi humfaa zaidi anayeanza, akiwa ndani ya hori kama la Tudor au Kilifi. Naivasha hutulia asubuhi, upepo ukazidi alasiri. Viboko wa huko nao hawana mzaha, kwa hivyo fuata wenyeji.

Ukishakomaa, shirikianeni familia mbili mnunue mashua iliyotumika. Bonyeza mbao kwa kidole gumba: zikibonyea, zimeoza. Iwapo ni ya faiba, iinueni; ikiwa nzito kupita kiasi, huenda imenywa maji. Tanga lililolegea kama leso kuukuu ni gharama nyingine inayokungoja.

Msimu mmoja wa kushika kamba za wenzako utakuonyesha kama mchezo huu ni wako, kabla hujaigusa karo ya watoto.