BWANA SHAMBA ANASEMA: Nafaka na Unyevu



Huko Marekani, kando ya Ziwa Erie, kuna mji unaoitwa Buffalo. Leo nitakueleza mambo mawili yaliyoanzia katika mji huo. Yote mawili yanamhusu mkulima.

Mwaka 1825 ulifunguliwa mfereji kutoka Buffalo hadi Mto Hudson, unaoteremka kwenda New York. Meli zilileta nafaka Buffalo kwa wingi, nayo ikahamishiwa kwenye mashua za mfereji. Je, nani aliipakua? Ni vibarua. Waliibeba mgongoni, mzigo baada ya mzigo. Mvua ikinyesha, kazi ilisimama.

Mfanyabiashara Joseph Dart alitafuta njia. Alijua kwamba Oliver Evans alikwisha kutumia mkanda wenye ndoo ndogo katika vinu vya unga. Mwaka 1842, Dart na fundi Robert Dunbar walijenga ghala lenye mkanda wa namna hiyo. Mkanda ulizungushwa na mashine ya mvuke. Ndoo zilichota nafaka melini na kuipandisha ghalani. Wako waliosema migongo ya watu ni rahisi zaidi. Lakini baada ya miaka michache maghala kama hayo yalijengwa mengi bandarini.

Jambo la pili ni la mwaka 1902. Kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn kilipata shida. Siku za unyevu karatasi zilitanuka, na rangi hazikukaa mahali pake. Kijana Willis Carrier, aliyefanya kazi Buffalo, alibuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi. Unyevu wa hewa uligeuka maji, kama unavyoona matone nje ya chombo chenye maji baridi. Hicho ndicho chanzo cha kiyoyozi.

Ndugu mkulima, unyevu unaharibu mahindi pia. Mahindi yasiyokauka huota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu inayoweza kuua, na kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo pima kabla ya kuhifadhi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko. Tia mahindi, kisha chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa dakika 2 au 3, halafu acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Msomee na jirani yako habari hii.