Maneno yanayouzwa pamoja na stabilizateri

Ukiingia duka la vifaa vya umeme kule Birere, mjini Goma, kutafuta stabilizateri, utauziwa na maneno juu yake. Mengine ni ya kweli. Chombo hicho hupandisha volti zikishuka na kuzishusha zikizidi kidogo, na katika mji ambao taa hufifia jioni majirani wakiwasha majiko yao, hiyo ni kazi ya maana. Tatizo ni sifa zisizo zake.

Sifa ya kwanza, ndiyo inayowaponza watu zaidi, ni kwamba inakinga radi. Haikingi. Ndani ya zile za kawaida mna transfoma na relei kadhaa: chombo hupima volti, kisha relei hubadilisha njia kwenye transfoma hadi zikaribie 220. Kazi hiyo huchukua sehemu za mia za sekunde. Msukumo wa radi hupita kwenye waya ndani ya sehemu za milioni za sekunde, kwa hiyo relei ikianza kusogea televisheni imekwisha kuungua. Nasi tunaishi pabaya. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, upande wa Bukavu, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Katika kumi za kwanza zimo pia Butembo na Sake. Sake, hapo tu!

Kinachopambana na radi ni parafudri, kifaa kinachofungwa kwenye tablo ili kumwaga msukumo huo ardhini. Lakini ardhi gani? Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya lava, na jiwe kavu la lava halipitishi umeme vizuri. Fundi akigonga chuma, kikagoma nusu ya njia, akakikata na kukifukia kwa kifusi, waya wako wa ardhi ni pambo. Mdai apime kwa mita mbele yako. Pasipochimbika kwenda chini, huchimbwa mtaro kuzunguka msingi, ikalazwa shaba tupu ndefu, na mtaro ukajazwa udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu. Ni gharama, najua. Hata hivyo, bila ardhi nzuri parafudri haina pa kumwaga kitu. Na wingu likianza kunguruma, chomoa plagi, pamoja na waya wa dishi ambao wengi huusahau.

Kuna wanaosema stabilizateri ni ya watu wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwamba aliyepata umeme wa Matebe haihitaji. Bwawa la Matebe, lililozinduliwa Rutshuru Desemba 2015 likiwa na megawati 13.6, limebadilisha mengi, sikatai. Ila volti zinazofika sebuleni haziamuliwi na turbini peke yake. Waya wa mtaani, viungio vilivyolegea na waliojiunganisha usiku, vyote vina sauti. Hatari kubwa kuliko zote ni waya wa nyutro kukatika. Laini ikiwa ya fazi tatu, nyumba zilizokuwa zikipata 220 hujikuta zikigawana karibu volti 400 za kati ya fazi na fazi, na yule mwenye taa mbili tu anaweza kupata zaidi ya 300. Stabilizateri nyingi za dukani hukoma kwenye 260 hivi. Isiyojua kujizima itaungua pamoja na friji iliyokuwa ikiilinda. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo ningemshauri aanze na relei ya volti kwenye tablo, ile inayokata umeme ukizidi au ukipungua mno.

Halafu kuna “pitisha kila kitu humo.” Soma kwanza kibandiko cha chaja ya simu, cha kompyuta, hata cha televisheni nyingi za siku hizi: 100–240V. Hivyo havisumbuliwi na volti 160. Mteja halisi wa stabilizateri ni friji. Volti zikishuka, mota ya kompresa hushindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa ikiwa imekwama, na nyaya zake zinachemka hadi zinaungua.

Na kwa friji, ile 1000 VA iliyoandikwa kwa wino mkubwa haitoshi kuaminiwa. Kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Zaidi ya hapo, chombo kinachotoa VA 1000 kwenye volti 220 huvuta ampea 4.5; umeme ukishuka hadi 140, kazi ileile hudai zaidi ya ampea 7. Yaani hulemewa saa ileile unapokihitaji. Chukua kikubwa zaidi ya hesabu yako.

Kwamba inapunguza matumizi ya umeme wa Cash Power, ile mita ya kulipia kabla? Hapana. Yenyewe inakula kidogo pia.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kuchelewesha. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiisha, umeme hurudi ukiyumba kwa sababu kila friji ya mtaa inataka kuanza pamoja, na kompresa iliyozimwa ghafla huhitaji dakika 3 hadi 5 gesi yake itulie. Stabilizateri zenye kipima muda husubiri zenyewe. Isiyo nacho, utachomoa friji kwa mkono kila umeme ukikatika, na usiku wa manane hakuna atakayeamka kufanya hivyo.