GURUDUMU HUCHAGULIWA KWA NAMBA, SI KWA JICHO

Gari dogo lililotumika kutoka Japani limekuwa chombo cha kazi cha walimu, wauguzi, makarani na maofisa wengi wa serikali nchini Tanzania. Aghalabu limenunuliwa kwa mkopo, hulipiwa kwa makato ya mshahara wa kila mwezi, na asubuhi huwapeleka watoto shuleni kabla halijamfikisha mwenyewe kazini. Gari hilo lina sehemu nyingi za thamani, lakini hugusana na barabara mahali panne tu, na kila mahali pana ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Breki zote, usukani wote na uhai wote wa waliomo ndani hutegemea viganja hivyo vinne vya mpira.

Hata hivyo, ni jambo la kusikitisha kwamba matairi na rimu ni miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa uzembe mkubwa. Mtu anayepitia hati ya mkopo mstari kwa mstari, au anayesahihisha hesabu za wanafunzi hadi nukta ya mwisho, akifika penye duka la matairi huacha elimu yake mlangoni. Huuliza bei, hutazama mng'aro, kisha humwachia fundi neno la mwisho. Naye fundi hulijaribisha gurudumu, hukaza nati nne, na kutamka neno ambalo limewaponza wengi: "Linaingia."

Hapo ndipo palipo na kosa. Gurudumu kuingia si gurudumu kukaa sawa. Kiatu cha mtu mwingine huweza kuingia mguuni, lakini safari ndiyo itakayosema kama kinamfaa aliyekivaa. Tofauti ni kwamba kiatu kibaya humwumiza mvaaji peke yake, na gurudumu baya huwaumiza abiria, waenda kwa miguu na wapanda baiskeli wasiojua lolote juu ya ununuzi huo.

Kwa bahati njema, jambo lenyewe halihitaji shahada ya uhandisi. Watengenezaji wa magari na matairi wameandika yote yanayohitajika, na wameyaandika kwa namba. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva huwapo karatasi ndogo iliyobandikwa, inayotaja kipimo cha matairi yanayoruhusiwa na kiasi cha upepo. Kwenye ubavu wa kila tairi kipimo hicho hicho kimechapwa kwa mpira. Mwenye gari asiyeisoma karatasi hiyo ni sawa na mgonjwa anayemeza dawa bila kutazama maelezo ya chupa.

Ufuatwe mfano mmoja ulio wazi. Honda Fit ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2001, ni miongoni mwa magari madogo yanayovaa tairi la 175/65R14. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. Herufi R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo huja alama kama 82T: namba 82 maana yake ni kwamba tairi moja huweza kubeba kilo 475, na herufi T ni mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Mnunuzi anaweza kupanda juu ya uwezo alioupanga mtengenezaji, lakini hana ruhusa ya kushuka chini yake.

Kutokana na namba hizo, mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kupata kipenyo cha gurudumu zima. Asilimia 65 ya 175 ni milimita 113.75, mara mbili, yaani juu na chini, ni 227.5; zikijumlishwa na inchi 14 za rimu, ambazo ni milimita 355.6, jumla ni 583.1. Namba hiyo ndiyo kitovu cha mambo yote. Giaboksi, kipimo cha mwendo, breki na nafasi iliyoachwa ndani ya madigadi vilipangwa kwa kuifuata.

Sasa mwenye gari anataka rimu za inchi 15 kwa sababu zinapendeza. Si dhambi. Akichagua tairi la 185/55R15, kipenyo huwa milimita 584.5, tofauti isiyofika hata milimita mbili. Lakini akiuziwa 185/65R15 kwa kuwa ndilo lililopo dukani siku hiyo, kipenyo hupanda hadi milimita 621.5, ongezeko la zaidi ya asilimia 6. Kama kipimo cha mwendo kilikuwa sahihi, sasa kinaposoma 80 gari linakwenda 85; na katika maeneo ya makazi, kinaposoma 50 gari limekwisha kupita 53. Injini huchoka mlimani, breki hupata kazi kubwa zaidi, na tairi huanza kulamba madigadi pindi gari linapojaa watu au usukani unapokunjwa hadi mwisho. Matairi yote mawili ya inchi 15 yalikuwa "yanaingia". Ni moja tu lililofaa.

Isitoshe, hata chaguo sahihi lina gharama yake. Ubavu wa 185/55R15 ni mfupi kwa milimita 12 kuliko ule wa 175/65R14. Milimita hizo ndizo mto wa mpira unaolinda rimu dhidi ya mashimo na matuta. Kwa mwalimu ambaye kilomita za mwisho kufika shuleni ni za vumbi na mawe, urembo wa inchi moja huweza kulipiwa kwa rimu iliyopinda na tairi lililopasuka ubavuni. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Rimu nayo ina namba zake, na hapa ndipo wengi hudanganyika zaidi. Idadi ya matundu ya nati haitoshi kuwa ushahidi. Toyota Vitz na Honda Fit ya toleo la kwanza zote zina matundu manne, yaliyopangwa katika duara la kipenyo cha milimita 100. Uzi wa nati zake pia ni mmoja. Kwa sababu hiyo rimu ya Honda huvalishwa Toyota bila kelele yoyote, na muuzaji huapa kuwa ni kitu kimoja. Sivyo. Tundu la katikati la rimu ya Honda lina milimita 56.1, lakini habu ya Toyota ina milimita 54.1. Rimu hiyo basi haishikwi na habu katikati. Huning'inia kwenye nati peke yake, na gari linapochanganya mwendo usukani huanza kutetemeka. Dawa yake ni pete ndogo ya kuziba pengo hilo la milimita mbili, lakini ni nani dukani anayeitaja? Kinyume chake hakina hata dawa hiyo: rimu ya Toyota haikai kwenye habu ya Honda, na fundi anayeichonga ili kuilazimisha anaharibu kifaa cha usalama.

Zaidi ya hayo, nati zenyewe hazifanani. Nati za asili za Honda zina kikalio cha mviringo kama tufe. Nati nyingi za rimu za chuma za Toyota zina kikalio cha koni. Nati ya koni katika tundu la mviringo hukaza, lakini hushika ukingo mwembamba tu, na baada ya safari huweza kulegea. Ndiyo maana kila anayebadili rimu hana budi kuuliza habari za nati kabla ya kuuliza rangi, kuhakikisha zinakazwa kwa mpangilio wa msalaba, na kuzikagua tena baada ya mwendo wa kama kilomita 100.

Kuna kipimo kingine kiitwacho ofseti, ambacho huchapwa kwenye rimu kwa herufi ET. Hicho ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Rimu ya upana wa inchi 5.5 yenye ofseti ya milimita 45 ikibadilishwa kwa ile ya inchi 7 yenye ofseti ya 35, ukingo wa nje hutokeza milimita 29 zaidi, na ule wa ndani husogea milimita 9 kuelekea springi na shokamzoba. Vijana husifu gari lililotanua miguu namna hiyo. Beringi hazisifu. Zimebebeshwa mzigo usio wao, na malipo yake huja miezi michache baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena kwamba chanzo kilikuwa rimu.

Mnunuzi wa gari lililotoka Japani hana budi kujihadhari na mitego mingine iliyokuja na gari lenyewe. Kaskazini mwa nchi hiyo kuna theluji na barafu, na magari ya huko huvaa matairi laini ya majira ya baridi, ambayo ubavuni huandikwa STUDLESS. Gari likishushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na matairi hayo, kashata zake ndefu humvutia mnunuzi, lakini mpira wake haukukusudiwa lami ya joto. Huisha upesi na hauaminiki katika breki za ghafla, hasa barabara inapolowa. Vivyo hivyo tairi jembamba la akiba lililomo nyuma, lenye kipimo kinachoanza kwa herufi T, limetengenezwa kwa safari fupi ya kufika kwa fundi, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kulitembelea kwa wiki tatu kwa kungojea mshahara ni kuchezea maisha.

Umri nao haufichiki kwa anayejua kusoma. Mwishoni mwa alama za DOT kuna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kabisa likifikisha miaka 10, hata kama kashata bado zipo. Muuzaji anaweza kulipaka tairi rangi nyeusi likang'aa kama jipya, lakini hawezi kubadili kalenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye nacho, na kwamba mshahara wa mwalimu haumruhusu kuchagua. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini ikitazamwa vizuri, ndiyo inayowalazimisha wenye kipato kidogo kuwa makini zaidi. Kufuata namba hakuongezi bei. Rimu za chuma zilizokuja na gari hazihitaji kununuliwa tena, na fedha za rimu za urembo zingetosha kuchangia matairi mapya. Asiyemudu manne kwa mara moja ni afadhali anunue mawili mapya ya kipimo sahihi, ayaweke nyuma ili gari lisiteleze mkia wakati wa mvua, kuliko kununua manne ya mtumba yasiyolingana. Rahisi ikirudiwa mara tatu si rahisi tena.

Tena jambo hili si la mtu binafsi peke yake. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji mwaka 2009, Tanzania imetegemea sana matairi ya kutoka nje. Kila tairi linalokufa kabla ya wakati wake kwa sababu ya kipimo kibaya au upepo usiotosha ni fedha za kigeni zilizochomwa barabarani.

Kwa hiyo wajibu unagawanyika. Wauza matairi wapaswa kumwonyesha mnunuzi namba na tarehe kabla ya kupokea fedha yake. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kwamba fundi bora ni yule anayejua kukataa rimu isiyofaa, wala si yule anayejua kuilazimisha. Askari wa usalama barabarani, anapokagua gari, asiishie kwenye kashata. Asome pia kipimo, umri na uwezo wa tairi. Wakuu wa idara zenye magari ya serikali nao watoe mfano, kwa kuwa ni vigumu kumlaumu karani mwenye gari lake wakati gari la ofisi lina matairi manne ya aina nne.

Lakini wa kwanza katika wajibu huo ni mwenye gari. Mtumishi wa umma na mwalimu ni watu walioaminiwa na taifa kwa sababu wanajua kusoma, kuhesabu na kuhakikisha. Elimu hiyo haikutolewa itumike ofisini na darasani tu. Fundi atakaposema tena kwamba gurudumu linaingia, na apewe karatasi yenye namba nne au tano, aulizwe kama zinalingana na zile za mlangoni. Zikilingana, kazi iendelee. Zisipolingana, gurudumu lirudi dukani, hata kama linang'aa, hata kama bei yake imepunguzwa, na hata kama watoto wamekwisha kupanda garini wakingoja safari.